Kuteleza kwenye theluji ya machipuko milimani Colorado: maswali ninayoulizwa kila mwaka

Kila ifikapo Machi, simu yangu hujaa ujumbe kutoka kwa ndugu na jamaa wa Denver na Aurora. Theluji bado ipo? Joto si limeshaanza? Mbona jana palikuwa pazuri na leo hapatelezeki? Nimeyakusanya maswali hayo hapa, na nimejibu kama ninavyowajibu wao. Mengi yatarudi kwenye jambo moja, nami ninalisema mapema: wakati wa machipuko, kabla hujauliza mchana utakuwaje, uliza usiku ulikuwaje.

Hivi Aprili kuna theluji ya kutelezea kweli? Huku mjini watu wanavaa kaptura.

Ipo, tena nyingi. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Arapahoe Basin, kituo cha kutelezea theluji ambacho watu wote huku wanakiita A-Basin, maegesho yake ya magari yako mita 3,286 na kilele chake ni mita 3,978. Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro, kambi ya Horombo, yenye mita 3,720, iko katikati ya vimo hivyo viwili. Theluji ya milima ya Colorado kwa kawaida hufikia ujazo wake mkubwa kabisa mwezi Aprili, wakati mjini watu wameshaanza kupanda maua.

Vituo vingi hufunga katikati ya Aprili huku mlima ungali mweupe, kwa kuwa wateja wameshahamia kwenye baiskeli na bustani. Loveland huendelea hadi mwanzoni mwa Mei. A-Basin mara nyingi hufika Juni, na mwaka 2019, baada ya msimu uliomwaga theluji bila kuchoka, ilifungwa tarehe 4 Julai. Siku hiyo Dar es Salaam ilikuwa kipupwe, na huku watu wanateleza wamevaa fulana.

Kwa nini asubuhi theluji ni jiwe, saa nne ni tamu, saa nane ni matope?

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo niruhusu nikae nalo.

Nyumbani kwetu tumezipa theluji majina ya jikoni, na watoto wameyashika kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu. Kuna unga, kuna ukoko, kuna chenga, kuna uji.

Unga ni theluji mpya ya baridi kali, kavu, nyepesi. Ukiipuliza kiganjani inapeperuka. Chembe zake zina pembe na matawi kama nyota. Hiyo ndiyo theluji ya Januari.

Machipuko yakifika, jua linapanda juu na kuyeyusha tabaka la juu kila mchana. Maji kidogo hushuka katikati ya chembe, na usiku yanaganda tena. Kila mzunguko wa kuyeyuka na kuganda hula zile pembe na kuzikusanya chembe ndogo kuwa kubwa za mviringo. Baada ya siku kadhaa za jua na usiku kadhaa wa baridi, unabaki na punje za milimita moja mpaka kadhaa, zilizoshikana kwa barafu nyembamba. Wenyeji wa hapa wanaziita kwa jina la mahindi kwa sababu ya umbo la punje hizo. Sisi tunaziita chenga, kwa kuwa ukizichota mkononi ni kama chenga za mchele uliooshwa.

Sasa ifuate siku moja. Alfajiri punje zote zimefungana: huo ndio ukoko, ila ukoko wa huku uko juu, hauko chini ya sufuria. Skii, zile mbao ndefu za kutelezea, zinapiga kelele juu yake, krrr, na meno yanatetemeka. Jua likipiga kwa saa moja au mbili, gundi ya barafu inaachia sentimita mbili au tatu za juu tu, huku chini bado ni imara kama sakafu. Hapo kelele inakatika. Unasikia mteremko umenyamaza chini ya miguu, skii inageuka yenyewe kabla hujaiomba, na hata mtu wa kiwango cha kati anajiona fundi. Hiyo ni chenga. Hudumu dakika arobaini, saa moja, ukibahatika mbili. Baada ya hapo maji yanazidi, sakafu nayo inalainika, unazama mpaka kwenye kifundo. Umefika kwenye uji.

Mtu aliyekuja saa mbili na nusu akaondoka amekasirika, na mtu aliyekuja saa nane akaondoka amelowa, wote wawili waliikosa theluji nzuri iliyokuwapo siku hiyo hiyo, mlima huo huo.

Nitajuaje kama usiku theluji iliganda?

Usitazame kipimajoto peke yake. Theluji hupoteza joto kwa kulituma juu angani usiku kucha. Mbingu zikiwa wazi na hewa kavu, joto hilo linakwenda moja kwa moja, na uso wa theluji unaweza kuganda vizuri hata kama hewa iko nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri. Mawingu yakitanda ni kama umeifunika theluji blanketi: joto linarudishwa chini, na asubuhi unakuta theluji haikuganda hata kama utabiri ulisema sifuri.

Kwa hiyo mimi huangalia mawingu kwanza, halijoto baadaye. Usiku wa nyota tele ni habari njema. Usiku wa mawingu mazito na upepo wa joto ni sababu ya kulala mpaka asubuhi, hasa kama ni wa pili au wa tatu mfululizo. Kuna vituo vya kupimia theluji milimani, mtandao uitwao SNOTEL, vinavyotoa kimo cha theluji na halijoto saa kwa saa. Ni bure, na kuvisoma huchukua dakika mbili.

Nianzie mteremko upi?

Fuata jua. Miteremko inayotazama mashariki huamka kwanza, kisha ya kusini, kisha ya magharibi. Ya kaskazini ndiyo ya mwisho, na Machi inaweza isilainike kabisa siku nzima.

Hapa wengi wetu tunachanganyikiwa, nami nilichanganyikiwa. Tumekulia mahali ambapo jua la mchana hupita juu ya utosi, nusu ya mwaka likielemea kaskazini. Colorado iko karibu nyuzi 39 kaskazini mwa ikweta, na jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Mteremko wa kusini hupigwa usoni, wa kaskazini hukaa kivulini. A-Basin utaliona hili kwa macho: bonde la Montezuma, lililoko mgongoni mwa mlima na kutazama kusini, hufungwa mapema kuliko upande wa mbele, ambako mteremko wa Pallavicini hubaki na theluji muda mrefu.

Ukali wa mteremko nao una neno. Mteremko wa kusini ulioinuka hulipokea jua la asubuhi vizuri kuliko uwanda wa chini yake, kwa hiyo usishangae juu kukiwa chenga na chini bado ukoko.

Kama hujui pa kuanzia, panda lifti ya kwanza, vile viti vya kebo vya kupandia mlima, ukiwa umetulia, usikilize. Wanaoshuka chini yako wakipiga kelele za kukwaruza, zunguka kwenda upande wa mashariki au kunywa chai kwanza.

Jana iliangusha sentimita 30 mpya. Si ni kama Januari tu?

Mpaka saa nne, ndiyo. Unga wa Aprili ni mtamu na hauna subira. Jua la Aprili lina nguvu, na linapoufikia unga huo linaugeuza kuwa kitu kinachonata kama ugali usioiva. Pita nao asubuhi na mapema, anza na upande wa jua kabla haujapigwa, kisha hamia kivulini. Na usisahau kwamba unga mpya juu ya ukoko wa zamani unaweza kuteleza wote kwa pamoja. Habari za maporomoko nitazieleza hapa chini.

Skii zangu zilikwama ghafla nikaruka mbele. Nilikosea nini?

Pengine hukukosea. Ulitoka kivulini ukaingia kwenye jua. Kivulini theluji ilikuwa kavu na yenye kasi, hatua kumi mbele ilikuwa uji, na uji hushika skii kama mkono. Maji yakiwa mengi chini ya skii hunyonyana na sehemu ya chini, kama vioo viwili vilivyolowa vikiwekwa pamoja.

Dawa ziko tatu. Paka nta ya theluji ya joto, maana nta ya Januari haifai Aprili. Omba fundi akukwaruzie mistari midogo kwenye uso wa chini wa skii, ili maji yapate njia ya kutoka. Safisha mara kwa mara, kwa sababu theluji ya machipuko imebeba chavua, moshi na mafuta ya mitambo, na uchafu huo unashika. Kwa upande wa mwili, kila ukiona rangi ya theluji inabadilika mbele yako, kunja magoti, rudisha uzito nyuma kidogo, uwe tayari kwa breki. Magoti mengi huumia kwenye uji wa alasiri, mwili ukiwa umechoka na mtu anasema "mara moja ya mwisho". Mimi sisemi tena maneno hayo. Nasema twende tukale.

Mbona theluji imekuwa ya rangi ya udongo?

Ni vumbi kutoka majangwa ya kusini magharibi, Utah na Arizona, linaloletwa na pepo za machipuko. Milima ya San Juan hupata zaidi, lakini linafika na huku. Theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Ikitiwa vumbi inaunyonya mwanga, na inayeyuka wiki kadhaa mapema kuliko ilivyostahili.

Hili linaniuma kuliko msimu wa skii kufupika. Theluji hii ndiyo tangi la maji la eneo hili lote kame. Mto Colorado, unaolishwa nayo, unategemewa na watu wapatao milioni 40. Theluji ikiondoka haraka, maji yanakuja yote mara moja, na mkulima wa huko chini anayahitaji Julai.

Maporomoko ya theluji si ya Januari tu?

Hapana, na naomba sehemu hii usiiruke.

Majira ya baridi, maporomoko mengi ni ya theluji kavu iliyopasuka kama kigae. Machipuko yana aina yake: ya theluji iliyolowa. Maji ya kuyeyuka hushuka ndani ya tabaka, yanalegeza gundi iliyokuwa inazishika chembe, na mteremko mzima unaweza kuachia. Haiendi kasi sana kama ile kavu, lakini ni nzito mno. Theluji mpya ina kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo. Ile ya machipuko hufikia 400 na zaidi, na ikisimama hukaza kama zege. Mtu aliyefukiwa hawezi kujifukua mwenyewe.

Ishara zake zinaonekana. Vipira vya theluji vinajiviringisha vyenyewe kutoka kwenye miamba na miti, vikikua kadiri vinavyoshuka. Theluji inang'aa kwa unyevu, na ukiifinya kwenye glavu inatoa maji. Buti yako inazama mpaka juu ya kifundo. Ukiona moja kati ya hizo kwenye mteremko wa nyuzi 30 mpaka 45, au ukiwa chini ya mteremko kama huo, ondoka. Wenye uzoefu hupanga wawe wameshatoka kwenye miteremko ya jua kabla ya saa sita, na kama usiku haukuganda, hawaendi kabisa.

Ndani ya mipaka ya kituo, kikosi cha ulinzi wa mlima hukagua na kufunga maeneo. Kamba ikifungwa saa tano asubuhi, kuna mtu aliyeitazama theluji hiyo kwa ajili yako. Iheshimu. Tarehe 20 Mei 2005, poromoko la theluji iliyolowa liliua mtu pale A-Basin, kwenye mteremko uliokuwa wazi, ndani ya kituo. Si jambo la kawaida, ndiyo maana watu wa milimani hawajalisahau.

Nje ya mipaka hakuna anayekukagulia. Pale Loveland Pass, barabara inayovuka juu ya milima, utawaona watu wanashuka kwenye magari na kuteremka bila lifti. Usiwafuate kwa sababu tu njia imeshapita watu. Soma taarifa ya siku ya kituo cha habari za maporomoko, Colorado Avalanche Information Center, yenye ngazi tano za hatari. Kila mmoja awe na redio ya kutafutia aliyefukiwa, inayotumia kilohezi 457, pamoja na ufito wa kudungia theluji na koleo, na wote muwe mmefanya mazoezi ya kuvitumia. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo, uwezekano wa kuishi ni mkubwa. Baada ya hapo unashuka haraka sana. Kwa hesabu hiyo, mwokoaji wako ni yule uliyekwenda naye.

Joto likizidi, si naweza kuvua miwani?

Usivue. Nguvu ya miale ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita elfu moja, na theluji inaweza kurudisha usoni mpaka asilimia 80 yake. Jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini.

Mdogo wangu alivua miwani wakati wa chakula, pale A-Basin kwenye maegesho ya mbele yanayoitwa ufukwe, watu wanapochoma nyama na kuweka viti kama wako Kigamboni. Kulikuwa na joto, muziki na harufu ya mishikaki, kwa hiyo alisahau. Hakuona tofauti yoyote mchana. Usiku, saa tano, aliamka akisema ana mchanga machoni. Tuliuzima mwanga wote, tukamwekea kitambaa cha maji baridi, akalia mpaka alfajiri. Daktari alisema macho yameungua na yatapona kwa siku moja au mbili, na yalipona. Tangu hapo nina miwani ya akiba kwenye gari.

Na wale wanaosema ngozi nyeusi haihitaji krimu ya jua: paka. Chini ya kidevu, chini ya pua, nyuma ya masikio, midomo. Mavazi yawe matabaka membamba unayoweza kuvua, kwa sababu asubuhi ni chini ya sifuri na saa saba unatoka jasho. Beba glavu za pili, zile za kwanza zitalowa.

Mama amekuja kutoka Moshi kwa mwezi mmoja. Nimpeleke?

Mpeleke, atafurahi. Lakini asipande siku ya pili baada ya kushuka ndege. Akae Denver siku tatu nne, anywe maji, mwili uzoee. Akianza kuumwa kichwa na kichefuchefu huko juu, mteremshe, usibishane naye wala na mlima. Siku yenye jua, kiti kule ufukweni, blanketi magotini na chupa ya chai ya tangawizi vinamtosha. Mama yangu alichota theluji kwa kijiko, akaitazama muda mrefu, akasema, "Hii nimeiona Kibo maisha yangu yote, leo ndiyo nimeishika."

Kwani Kilimanjaro haitelezeki?

Imewahi kutelezwa. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda wakiwa na skii na kuzitumia kule juu. Barafu imepungua mno tangu mwaka huo, na kwenye ikweta hakuna machipuko: kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni baridi kali.

Kanuni ya kuganda, hata hivyo, ni ile ile. Aliyelala kambi ya Barafu anakumbuka kuamshwa kabla ya usiku wa manane ili aanze kupanda. Moja ya sababu ni kwamba usiku kokoto na mchanga wa juu vimegandana na mguu unashika, na mchana vinaachia na kukurudisha nyuma kila hatua. Waongozaji wa Kilimanjaro wanaupanga mlima kwa saa, kama tunavyofanya huku.

Mwanangu anasema mchezo huu si wa watu wetu. Nimwambie nini?

Mwambie habari za Philip Boit, Mkenya aliyeingia mbio za skii za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 baada ya kufanya mazoezi Finland. Alifika wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie, na Boit akampa mwanawe jina hilo. Kisha mwambie Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye mbio za kushuka mlima Pyeongchang mwaka 2018. Halafu mpeleke. Uji wa alasiri ni mlaini, na mtoto anayejifunza akianguka haumii sana kama kwenye ukoko.

Barabara ikoje?

Usidanganywe na jua la Denver. Kwenye I-70, barabara kuu ya kwenda milimani, kati ya Morrison na Dotsero, sheria ya matairi inatumika kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei: matairi ya theluji yenye mifereji ya kina cha angalau inchi 3/16, au uwe na minyororo garini. Dhoruba za Mei zipo. Na jua likizama, maji yaliyokuwa yanatiririka barabarani yanageuka kioo.

Basi, kesho niondoke Aurora saa ngapi?

Leo saa nne usiku toka nje utazame juu. Ukiona nyota na utabiri unasema chini ya sifuri huko mlimani, ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai unywe njiani. Utafika kama saa mbili, utavaa buti bila haraka, utapanda mara moja au mbili kwenye mteremko uliosawazishwa na mashine huku ukoko ukiendelea kulegea. Saa tatu na nusu uwe juu, upande wa mashariki. Ukichoma fimbo na ncha yake ikazama kama inchi moja kisha ikagonga sakafu, funga buti vizuri ushuke.

Ukiona mawingu, lala. Nipigie Jumamosi.